Muulize Mwalimu: "Nimeulizwa kwa nini nilimpa kura, nikakosa la kusema"

Mwezi huu barua zenu karibu zote ni za kura za maoni, zile za ndani ya chama za kuchuja watia nia. Nilitegemea maswali ya salfa na bei za mnada, maana korosho ndiyo inayotulisha huku Kusini, au yale ya mirathi ambayo hayaishi. Haya, nimechagua nne. Ya mama wa Newala ndiyo niliyokaa nayo siku nyingi zaidi, kwa hiyo jibu lake ni refu. Wengine mnisamehe.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa miaka 41, nauza ming'oko na karanga jirani na stendi hapa Newala. Ni mjumbe wa chama, na tulipopiga kura za maoni mara ya mwisho nilikuwemo ukumbini. Mtoto wa marehemu dada yangu anasoma Marekani, jimbo la Iowa. Juzi kanipigia simu ya video, tumepiga soga weee, mwisho akaniuliza: "Mamdogo, wewe ulimpa nani, na kwa nini?" Nikamtajia jina. Kwa nini? Nikasema, "Basi tu, nilimpenda." Alicheka mpaka simu ikamdondoka. Anasema huko aliko hata muuza duka anachagua mgombea urais wa chama chake, na wenyeji wake wamemsimulia kwamba walikuwa wanasimama mbele ya majirani na kujieleza. "Nyie mnapenda tu kama mnachagua kanga," akaniambia. Mwalimu, iliniuma, na nilichelewa kupata usingizi. Naomba kujua: ni kweli huko kila mtu anachagua mgombea wa chama? Na je, "nilimpenda" si sababu?
*Mjumbe, Newala*

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza huyo kijana hajui kanga inavyochaguliwa. Mama yangu aliweza kumaliza asubuhi nzima dukani kwa ajili ya doti moja. Anasoma jina, anarudia kulisoma kwa sauti ndogo, anajiuliza shoga zake watalichukuliaje. Anatazama mji, anatazama pindo kama limenyooka. Halafu anageuka kidogo muuzaji asimwone, analowesha kidole kwa mate na kusugua pembeni aone kama rangi inachuja. Laiti wajumbe wote tungewakagua watia nia namna hiyo.

Sasa habari ya Marekani. Ni kweli, ila ina pande zake. Kule chama hakimteui mgombea urais kwenye kikao kimoja. Kuanzia Januari au Februari ya mwaka wa uchaguzi, jimbo moja baada ya jingine linapiga kura ya mchujo, na kila jimbo linagawa wajumbe kwa wagombea kutokana na matokeo ya kura hizo. Wajumbe hao ndio wanaokwenda kwenye mkutano mkuu wa chama wakati wa kiangazi. Na "mwanachama" wa kule si kama wewe na mimi. Hana kadi, halipi ada, hana shina wala balozi. Katika majimbo mengi ni mtu aliyeweka alama kwenye fomu siku alipojiandikisha kupiga kura: mimi ni Democratic, au mimi ni Republican. Yapo majimbo, New York ni mojawapo, yanayomtaka awe ameweka alama hiyo ndipo apige kura ya mchujo. New Hampshire wao wanamruhusu hata asiye na chama kuingia na kuchagua upande mmoja siku hiyo hiyo.

Mwambie pia kijana wako kwamba hawakuanza hivyo. Mwaka 1968 chama cha Democratic kilimpa tiketi Hubert Humphrey, makamu wa rais, bila yeye kuingia kwenye mchujo hata mmoja. Wazee wa chama walipanga, wajumbe wakapitisha, mjini Chicago, huku nje polisi wakiwapiga virungu vijana waliokuwa wakiandamana. Humphrey akashindwa na Nixon. Baada ya aibu ile ndipo kanuni zikabadilishwa, na kuanzia 1972 kura ya mtu wa kawaida kwenye mchujo ikawa na nguvu. Kwa hiyo hiki anachokucheka nacho kina umri wa mtu mzima tu, hakikushuka na Katiba yao.

Kwetu, ulivyo mjumbe, unamjua diwani na mbunge. Urais una njia yake. Chukua mfano wa CCM mwaka 2015: waliochukua fomu walizidi 40, Kamati Kuu ikashusha majina hadi matano, Halmashauri Kuu ikapiga kura yakabaki matatu, kisha Mkutano Mkuu pale Dodoma ukampa John Magufuli kura 2,104, Amina Salum Ali 253 na Asha-Rose Migiro 59. Wewe na muuza samaki wa Mikindani mliyasikia hayo redioni.

Nirudi Iowa, maana ndipo anapoishi kijana. Wao mchujo wao wanauita kokasi, na upande wa Democratic, hadi mwaka 2020, uliendeshwa hivi. Usiku, theluji nje, watu wa mtaa wanakusanyika kwenye ukumbi wa shule, kanisani au maktaba. Kila mgombea ana kona yake. Unakwenda kusimama kwenye kona ya mtu wako, wanahesabu vichwa. Kundi ambalo halikufikisha asilimia 15 kwa kawaida linahesabika halipo, na waliokuwa humo wanaruhusiwa kuhamia kona nyingine. Basi hapo ndipo ulimi unapofanya kazi. Majirani wa kona kubwa wanakuja kukubembeleza: njoo kwetu, wetu atatusaidia hili na lile. Nawe unajibu, mbele za watu.

Hebu lete picha hiyo Newala. Balozi wako yuko kona ile. Mwenye duka anayekukopesha unga yuko kona hii. Mama mkwe amekaa katikati, anatazama miguu yako inaelekea wapi. Ungesema "nilimpenda"? Ungesema kitu chochote kitakachokuwezesha kukopa unga kesho. Ndiyo maana hata huko walilalamika miaka mingi. Mlinzi wa usiku hakuweza kuja, mwenye mtoto mchanga hakuweza, mgonjwa hakuweza. Mwaka 2020 programu ya simu ya kutuma matokeo ikakwama, siku zikapita mshindi hajulikani. Mwaka 2024 Wademocratic wa Iowa wakaachana na kona, wakapiga kura kwa kadi za posta.

Kwa hiyo kujieleza mbele za watu si lazima kuwe kusema kweli. Hili ndilo nililotaka ulisikie kabla sijafika kwenye swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo lenye nyama.

Kwenye uchaguzi mkuu sababu ni rahisi: chama changu, basi. Kwenye kura za maoni wote mna kadi ya rangi moja, wote wanaimba wimbo mmoja, ilani moja. Chama hakiwezi kuwa sababu. Kinachobaki ni mtu. Na mtu ukimpa kura, sababu yake mara nyingi ni ndogo, ya nyumbani, na inaona aibu kutoka nje. Ndipo tunapoivalisha suti. Kule Marekani wanaohoji wapiga kura mlangoni mwa kituo, wakitoka kupiga kura, wamegundua nguo mbili zinazovaliwa sana. Mwaka 2020 waliwauliza Wademocratic: unamtaka mgombea anayekubaliana nawe, au anayeweza kumshinda Trump? Wengi, jimbo baada ya jimbo, walijibu wanamtaka wa kushinda. Hapa kijiweni tunasema "huyu anauzika, yule mzuri lakini hauziki". Ni maneno yale yale. Mtu haongelei tena moyo wake, anaongelea moyo wa jirani anaoudhania.

Nikwambie langu, ingawa wakubwa wenzangu wa chama wanaosoma safu hii watanuna. Mama yangu alifariki wakati wa zile mvua za El Niño, masika ya 1998. Tulimzika alasiri, udongo ukiwa uji. Tukarudi nyumbani, mvua ikaongeza. Saa nne usiku nimekaa barazani siwezi kulala, nikaona taa ya chemli inatembea makaburini. Nikafuata. Nikamkuta jirani mmoja, mkulima, fundi wa kupuliza mikorosho, shati limemgandama mgongoni, anachimba mfereji kuzunguka kaburi la mama ili maji yasiingie. Hakuniita, hakuaga kwake kwamba anakuja kwangu. Aliponiona akasema tu, "Mwalimu, nishikie taa." Nikashika taa. Hatukuongea kingine mpaka tulipomaliza.

Mwaka 2000 mtu huyo akachukua fomu ya udiwani. Nilimpa kura. Siku iliyofuata walimu wenzangu wakaniuliza kwa nini, maana aliyeshindana naye alikuwa msomi. Unajua nilijibu nini? "Sera zake za elimu ni nzuri." Mwanangu, hakuwa na sera hata moja. Alikuwa na karatasi ya mistari mitatu aliyoandikiwa na shemeji yake.

Alishinda. Na sasa nimalizie upande wa pili wa hadithi, nisije nikakudanganya na wewe. Alikuwa diwani dhaifu. Makabrasha ya bajeti aliyaogopa kama nyoka. Kwenye vikao vya halmashauri alikaa kimya miaka mitano. Boma la darasa ambalo wananchi walilijenga kwa nguvu zao halikupata bati, na ndani yake uliota mpapai, ukazaa, watoto wakala mapapai. Mtu wa kuchimba mfereji usiku kwenye mvua, lakini ukimpa karatasi mchana anatafuta mlango.

Tangu hapo, mtu akinieleza alivyochagua, simuulizi "kwa nini". Ukimuuliza mtu kwa nini, anakwenda kutafuta maneno makubwa: maendeleo, uzalendo, kijana, mchapakazi. Muulize "lini". Lini ulimpenda? Siku gani, ulikuwa wapi, mkononi ulishika nini? Utaona anatulia, macho yanakwenda mbali, kisha anakwambia kitu. Alinisaidia kumpeleka mtoto hospitali. Alinisalimia kwa jina kabla hajawa na shida na mimi. Alisimama kwenye mkutano wa AMCOS, chama chetu cha ushirika wa mazao, akauliza makato yanakwenda wapi, wote tumenyamaza. Ikiwa huna "lini", basi huenda uliongozwa na wapambe na fulana.

Kisha swali la pili, ambalo mimi mwaka 2000 sikujiuliza: hicho alichokifanya siku ile kinahusiana vipi na kazi anayoiomba? Aliyeuliza kuhusu makato mbele ya viongozi wa AMCOS anaweza kuuliza kuhusu bajeti. Aliyechimba mfereji, sijui. Ningempa ujumbe wa kamati ya mazishi mpaka kiama.

Na usidhani Wamarekani wako mbali na hapo. Februari 2020 Joe Biden alikuwa ameshapoteza Iowa, New Hampshire na Nevada, watu wanamhesabu marehemu. South Carolina ndiyo ilikuwa inafuata. Mbunge Jim Clyburn, mzee anayesikilizwa sana na Wamarekani weusi wa jimbo lile, alikuwa hajasema anamuunga mkono nani. Alisimulia mwenyewe kwamba alikwenda kwenye mazishi ya mhasibu wake, na mle kanisani bibi mmoja mtu mzima akamwita kwa kidole. Utampa nani kura? Kama hutaki watu wasikie, ninong'oneze. Mzee akainama akamnong'oneza. Bibi akamwambia alikuwa anasubiri kusikia hilo, na watu wote wanasubiri. Siku chache baadaye, tarehe 26, Clyburn akatangaza hadharani, na sababu aliyoitoa ilikuwa fupi: tunamjua Joe, lakini kubwa zaidi, Joe anatujua. Tarehe 29 Biden akashinda jimbo lile kwa karibu nusu ya kura zote, na baada ya hapo mchujo mzima ukageuka. "Anatujua." Mtu angeweza kuicheka sababu hiyo kama kijana wako alivyokucheka. Lakini watu wa South Carolina, ukiwauliza lini, walikuwa na miaka ya kuonyesha.

Basi mpigie kijana. Usimweleze sera. Mwambie siku, mahali na kilichotokea. Akicheka tena, mwulize kanga inakaguliwaje.

SWALI: Mwalimu, nilidhani kura ni siri. Baada ya kura za maoni kiongozi mmoja wa tawi anapita nyumba kwa nyumba anatuuliza tulimpa nani na kwa sababu gani, eti "kujenga umoja". Tukisema hatukumbuki, anasema wajumbe si watu. Nifanyeje?
*Mkulima, Nyangao, Lindi*

JIBU: Usimwambie. Mkaribishe, mpe maji, mwulize hali ya shamba, akirudi kwenye kura mwambie kura ni siri na wewe ni mtu unayefuata kanuni. Anayehoji wapiga kura mlangoni kule Marekani anampa mtu karatasi isiyo na jina, anajaza mwenyewe, anaitumbukiza kwenye boksi. Tena mtu ana haki ya kukataa na kwenda zake. Hiyo ni tofauti na mtu anayejua jina lako, shamba lako na deni lako la pembejeo.

Msemo wa "wajumbe si watu" ulienea nchi nzima Julai 2020, watia nia walipohesabiwa kura hadharani na wengine wakaambulia moja, yaani yao wenyewe, baada ya kuahidiwa na ukumbi mzima. Tulicheka wote. Lakini mjumbe anayemwambia kila mgombea "yako hiyo" mara nyingi ni mtu anayejilinda, hasa kama alishafika wa kwanza na bahasha na wa pili na vitisho. Kwa hiyo mtu akikuita si mtu kwa sababu umefunga mdomo, usiumie.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Babu yangu anasema mwaka 1995 Mkapa alipita kwenye chama kugombea urais kwa sababu "ni wetu", yaani wa Kusini, na kwamba Membe mwaka 2015 alikatwa kwa sababu "ni wetu". Haiwezekani yote mawili. Nani mkweli?
*Mwanafunzi, Masasi*

JIBU: Marahaba. Babu yako ana haki ya kufurahi na kununa, lakini hesabu haimsaidii. Chukua kalamu.

Julai 1995 Mkutano Mkuu wa CCM ulikuwa na majina matatu. Duru ya kwanza: Jakaya Kikwete 534, Benjamin Mkapa 459, Cleopa Msuya 336. Umeona? Mtu wetu wa Lupaso alikuwa wa pili. Hakuna aliyevuka nusu, Msuya akatoka, wakarudia. Duru ya pili: Mkapa 686, Kikwete 639. Sasa toa. Mkapa aliongeza kura 227, Kikwete akaongeza 105. Ukijumlisha ni 332, karibu kabisa na zile 336 za Msuya. Hatujui kila mmoja alihama vipi, lakini ni wazi urais ule uliamuliwa na watu ambao chaguo lao la kwanza lilikuwa mtu wa Mwanga, Kilimanjaro. Masasi haimo kwenye hesabu hiyo. Anayemo ni Mwalimu Nyerere, ambaye kila mtu alijua anamtaka Mkapa, na jina zuri la Mkapa mwenyewe la mtu asiye na makuu ya mali.

Hapo ndipo ninaposema sababu ya mtu wa duru ya pili ni ya aina yake. Mtu wake ameshatoka. Yuko kama yule wa Iowa ambaye kona yake imevunjwa. Hachagui anayempenda, anachagua anayeweza kuishi naye. Ningetoa mbuzi nisikie mazungumzo ya ukumbi ule kati ya duru na duru.

Mimi siku ile nilikuwa Masasi, redio ya jirani imewekwa juu ya kinu kilichogeuzwa, betri zimeanikwa juani tangu asubuhi zipate nguvu. Jina liliposomwa mzee mmoja Mmakua alisimama, akavaa kofia yake, akakaa tena. Hakujua afanye nini na furaha ile. Kwa hiyo simlaumu babu.

Lakini mwulize babu ile "lini". "Ni wetu" ilimpa nini, na siku gani? Atakwambia daraja, na hapo nitamkubalia nusu. Nimelala Ndundu mimi, foleni ya kivuko cha Rufiji, siku tatu, nikila mihogo ya kuchoma na kugombea kivuli cha basi. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003 na tukaacha kulala pale. Ila kipande cha Ndundu hadi Somanga kiliendelea kututesa kwa tope miaka mingi baada ya Mkapa kutoka Ikulu. Wetu alikuwepo miaka kumi, na bado tope.

Kuhusu Membe, mtoto wa Rondo: aliingia tano bora, akaachwa kwenye tatu bora, pamoja na January Makamba, ambaye si wetu. Waliokatwa kabla ya hapo, Edward Lowassa akiwemo, walikuwa wa kila kona ya nchi. Kama kukatwa kwake ni kwa sababu ya Kusini, babu atueleze na hao wengine walikatwa kwa kusini ya wapi.

SWALI: Nikipokea sukari ya mtia nia mmoja na kura nikampa mwingine, nina kosa?
*Asiyetaka kutajwa hata mtaa, Mtwara mjini*

JIBU: Unalo, na kosa ni la kupokea, si la kumpa mwingine. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa ikaruhusu "takrima", ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikasema vifungu vile vinapingana na Katiba, takrima ikafa kwenye vitabu. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, na hiyo inagusa hata mchakato wa uteuzi ndani ya chama, kwa hiyo usijidanganye kwamba kura za maoni ni mambo ya familia. TAKUKURU wanaweza kukugongea wewe na aliyekuletea.

Yule msomi aliyeshindana na mchimba mfereji wangu alileta kilo mbili kila nyumba, za mfuko wa karatasi ya kaki. Niliipokea, tena kwa mikono miwili. Mke wangu alikataa kuitia kwenye chai. Hakutoa hotuba, aliiweka juu ya kabati la vyombo na chai tukanywa kwa chumvi wiki nzima, mimi nikijifanya sijaona. Sisimizi ndio walioila.

Mwezi ujao ni zile za mirathi, nilizowaahidi tangu Machi.